Mtoto Kando ya Ghala: Maumbile na Sanaa katika Elimu ya Awali ya Nyanda za Juu Kusini



Msafiri aondokaye Iringa kwa njia kuu ya Mbeya, kabla hajafika mbali, hupita karibu na korongo la Isimila, ambamo maji ya mvua, kwa kazi ya karne nyingi mno, yameula udongo hata zikabaki nguzo ndefu zimesimama peke yake, na katika kuula udongo huo yakafichua mashoka ya mawe yaliyochongwa na binadamu wa kale, ambayo yalianza kujulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na ambayo mtafiti Clark Howell aliyafukua kwa utaratibu mwaka 1957 na 1958. Akiendelea atapita penye misitu ya kupandwa ya Sao Hill, ataiacha mkono wa kushoto njia iendayo kwenye chai ya Mufindi, atateremka penye mpunga wa Usangu, kisha atapanda tena mpaka auone mji wa Mbeya chini ya mlima Loleza. Na akiwa na nafasi ya kufika Tukuyu atakuta migomba, chai, na mvua ambayo wenyeji hawaihesabu kuwa habari. Nchi hii Mola ameijaalia, nasi wakaaji wake hatuchoki kuisifu.

Walakini sikusimama hapa kuisifu. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Iringa, kati ya kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 57 hivi wamedumaa, ilhali wastani wa taifa zima ni 30. Asikiaye habari hii kwa mara ya kwanza hustaajabu, akauliza njaa imetoka wapi katika mkoa unaolisha mikoa mingine. Si njaa. Ghala limejaa mahindi. Lakini mtoto hali ghala, hula kile kilichotolewa ghalani kikapikwa kwa mkono wa mtu mzima, na mkono huo aghalabu umekuwa shambani tangu alfajiri, ukarudi magharibi umechoka, ukamkorogea uji uleule wa jana, bila maharage, bila yai, bila boga, ingawa vyote hivyo havikukosekana uani. Shauri langu la jioni hii ni kwamba mkasa huo umeipata vilevile akili ya mtoto wetu wa miaka mitatu hadi sita: amezungukwa na maumbile ambayo mataifa mengine huyasafiria kuja kuyatazama, amezaliwa katikati ya mafundi wa udongo, ukindu na mwanzi, na bado anakua amedumaa wa macho, wa masikio na wa vidole, kwa sababu ukaribu wa kitu si malezi mpaka awepo mtu mzima wa kumshirikisha.

Maandiko ya serikali hayana upungufu katika jambo hili. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliitambua elimu ya awali. Sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Na mtaala wa mwaka 2016 ukataja mambo sita ambayo mtoto atajengewa, yaani kuhusiana, kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira, kumudu stadi za kisanii, na kutumia dhana za kihisabati. Mawili kati ya hayo sita ndiyo mada yangu, na wala sikuyatunga mimi. Lakini ingia katika darasa la awali, la mjini au la kijijini: watoto wameketi kwenye madawati yaliyopimwa kwa miguu ya kaka zao, wanaimba herufi za ubaoni, na sanaa, ikiwa itakuja, huja Ijumaa saa ya mwisho kwa sura ya karatasi iliyochapishwa picha ya bata, ambayo mtoto ameamriwa aijaze manjano bila kuvuka mstari. Bata huyo hakuna aliyepata kumwona. Bata wa jirani, mweusi mwenye madoa meupe, anapita nje ya dirisha na vifaranga vyake, na hapana anayemgeukia. Simlaumu mwalimu peke yake, maana mzazi ndiye adaiye kila jioni kuona daftari limejaa, na hasa yule alipaye ada kubwa ili mwanawe aseme Kiingereza kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Niruhusuni nikae kidogo kwenye kisa kimoja kiunganishacho mikoa yetu miwili, Iringa na Mbeya. Mwaka 2003 wataalamu waliokuwa wakichunguza misitu ya mlima Rungwe, wakiongozwa na Tim Davenport, walisikia kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za kima aitwaye kipunji, asiyemo katika vitabu vyovyote. Wengine walidhani ni hadithi tu. Wakamfuatia msituni hata wakamwona. Na mwaka uliofuata kundi jingine, lenye Trevor Jones, likamkuta kima huyohuyo mbali sana na hapo, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, upande wa Kilolo. Makundi hayo mawili yakatangaza habari pamoja mwaka 2005, na mwaka 2006 mnyama huyo akapewa jenasi yake mwenyewe, iliyobeba jina la Rungwe. Dunia ya elimu ikashangilia, na ilistahili kushangilia. Lakini ni nani aliyemtenga kipunji na mbega na kima wengine kabla ya darubini kufika? Ni mtu ambaye hakusoma biolojia, aliyeijua sauti ya mnyama huyo akiwa chini ya miti asikoweza kuona juu. Sikio la namna hiyo halinunuliwi ukubwani, nalo ndilo tunalolizibia darasani kwa kelele za kukariri.

Mwalimu wa awali aweza kulifungua sikio hilo bila senti moja. Awatoe watoto chini ya mti, wafumbe macho, na kila asikiaye sauti mpya ainue kidole: shoka la mbali, jogoo, bajaji ikipanda kilima, upepo katika misonobari. Kisha kila mmoja achague sauti moja aiigize kwa mdomo, kwa kopo au kwa vijiti viwili, na wenzake wakisie. Hapo somo la mazingira limekwisha kuwa muziki pasipo mtu kutangaza kwamba sasa tunaanza muziki; na hii ndiyo sababu mimi siyatengi maumbile na sanaa, kwani mtoto huhifadhi alichokiona kwa kukifanya upya kwa mikono yake, na akikifanya vibaya hurudi mwenyewe kukitazama. Aliyechora jongoo mwenye miguu minne atakwenda kumwangalia tena jongoo.

Kalenda yetu nayo ni neema iliyosahauliwa. Mvua za Nyanda za Juu huanza Novemba na kukoma Aprili au Mei, na mwaka wa shule hufunguliwa Januari. Basi mtoto aanzapo awali huyakuta mahindi yamemfika kifuani, akayaona yakimpita kimo, yakatoa mbelewele, yakakauka mwezi wa Juni, na aliporudi kutoka likizo akakuta mabua matupu. Mwalimu amsimamishe penye mstari uleule wa mahindi kila wiki, achonge alama kwenye mwanzi, moja ya mtoto na moja ya mhindi, na hesabu ya kuzidi na kupungua itakuwa imefundishwa na shamba lenyewe. Masika udongo wa mfinyanzi ni laini, ni wakati wa kufinyanga. Kiangazi mabua huwa magari na magunzi huwa wanasesere, na rangi zimelala ovyo: mkaa, majivu, udongo mwekundu wa Iringa uliolowekwa na kuchujwa kwa kitambaa, maji ya majani yaliyotwangwa. Watu hunena habari za kuwapeleka watoto Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ambayo wenyeji huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake ya masika. Ni jambo jema kwa wenye basi, walakini ua lililoota nyuma ya jiko la shule latosha, mradi litazamwe mara nyingi. Na lisichumwe, maana mizizi ya maua hayo ya Kitulo imechimbwa na kuvushwa Zambia kuliwa hata watunzaji wakaingiwa na hofu.

Kuhusu mafundi, sisi ni matajiri mno. Akina mama wa Kikisi wa Ikombe, kwenye ufuo wa Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, hufinyanga vyungu vinavyopakiwa mitumbwini na kuletwa soko la Matema. Wanawake wa Iringa husuka vikapu vya milulu iotayo mabondeni. Huko Igeleke, pembezoni mwa mji wa Iringa, michoro ya kale imo juu ya mwamba. Na katika karakana za Neema Crafts, zilizoanza mjini humo mwaka 2003, mafundi wenye ulemavu wamekuwa wakitengeneza hata karatasi kwa kinyesi cha tembo, jambo ambalo mtoto wa miaka mitano akilisikia atacheka, atakataa, kisha ataomba kuliona. Ni shule ngapi za awali zilizomwalika mmoja wa mafundi hawa kwa nusu saa?

Katika jambo hili Pwani walitutangulia. Mwaka 1986, huko Mombasa, ilianza programu ya shule za awali za madrasa, iliyosaidiwa na Wakfu wa Aga Khan, ikaenea Zanzibar na Uganda, ambamo walimu walioteuliwa na jamii yenyewe walifunzwa kutengeneza vifaa vya kuchezea kwa vitu vya mahali pao. Ulaya nako Friedrich Fröbel alifungua shule yake ya mchezo na bustani mwaka 1837, na mwaka 1851 serikali ya Prussia ikazipiga marufuku shule za namna hiyo. Tusidhani, basi, kwamba ni Mbeya peke yake ambako watu wazima huona mchezo wa watoto kuwa jambo la shaka.

Kuna hadhari moja ambayo historia yetu inanilazimu kuitaja. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilikusudia shule isimtenge mtoto na ardhi yake, nia tukufu. Lakini katika shule nyingi shamba likageuka kuwa adhabu na kibarua. Mtoto wa awali asipewe jembe kwa jina la mazingira. Kadhalika hofu ya mama si upuuzi: Julai asubuhi Mufindi hupigwa na jalidi, mito ya Rungwe huenda kasi, na shati jeupe alilolifua jana kwa sabuni ya kununua halipendani na udongo wa mfinyanzi. Kwa baridi, wasubiri jua lipande. Kwa shati, shule iruhusu fulana kuukuu iachwe darasani. Haya ni mambo ya kupangwa kikaoni, si ya kupigania.

Kilicho kigumu ni hesabu ya watu. Kanuni yetu ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na kila mkaguzi ajua kwamba katika shule nyingi za umma idadi huzidi hapo sana. Mwalimu mwenye halaiki hiyo hathubutu kutoka nje ya mlango, hata awe na mapenzi kiasi gani. Ndiyo maana naomba vyuo vyetu vya ualimu vya mikoa hii miwili viwatoe wanachuo wa elimu ya awali muhula mmoja, nusu siku kila wiki, wawe mtu mzima wa pili katika madarasa hayo, na kabla ya hapo wajifunze kufinyanga au kusuka kwa fundi wa kijijini anayelipwa ujira wa ualimu, nao watahiniwe katika ufundi huo kama watahiniwavyo katika saikolojia ya mtoto. Naomba pia kamati za shule zimkaribishe bibi au babu anayejua majina ya miti kwa Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa, apewe kiti, chai ya saa nne, na nauli ya kurudi nyumbani.