Usimwite Mtoto Kichwa Kizito



Vijana wenzangu, nanyi wazazi mliojaliwa kuwa nasi, mada niliyopewa ni ubongo na masomo. Nitaanzia shambani. Mgeni akiingia kwenye chai kati ya Kericho na Litein asubuhi ya ukungu, anapotea mara moja, kila upande ni kijani kile kile. Lakini mchumaji aliyezoea huenda moja kwa moja hadi mstari alioachia jana. Je, alizaliwa na ramani kichwani?

Ndani ya ubongo, kila upande usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi. Hiyo hushika njia na mahali, na hiyo hiyo hupokea somo jipya. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva wa teksi wa London, ambao hukariri maelfu ya barabara. Wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi zao ni kubwa kuliko za watu wengine. Labda walizaliwa hivyo? Basi wakafuatiliwa wanafunzi 79 wa kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Walifuzu 39, na matokeo yakatolewa 2011: sehemu ile iliongezeka kwa hao 39 tu. Mwanzoni hawakuwa na tofauti na wenzao. Walichozidi ni saa za kujifunza kila wiki.

Sasa wewe unayemwambia mwanao "kichwa chako kizito" kwa kuwa sura haimkai, umempima wapi?

Tena kuna jambo tunajifanyia wenyewe mwezi huu. Somo la mchana ubongo hulirudia usiku tukiwa usingizini. Na huku kwetu futari bila chai si futari, baada ya tarawehe chupa nyingine, halafu simu mpaka daku. Kafeini uliyokunywa, karibu nusu yake bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Kijana wa sekondari pale Bomet anasinzia darasani, ati ni kwa sababu amefunga. Saumu imebebeshwa kosa la chai!

Chai ya futari yatosha. Baada ya tarawehe mpe maji au uji, simu ibaki chumbani kwa wazazi, naye alale. Sura aliyohifadhi baada ya alasiri airudie kidogo akishakula daku.