Marais wa Marekani na Kazi ya Karani
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Ndanda)



Tumeombwa kunena juu ya marais wa Marekani tangu vita vyao vya ndani vilipokwisha mwaka 1865 hata mwanzo wa karne ya ishirini. Ni wengi, na baadhi yao hawakutenda neno la kutuchelewesha hapa. Twaona afadhali tuwatazame kwa jicho la karani: ni nani aliyewapa watu kazi ya Serikali, kwa kipimo gani, na ni nani aliyewabagua.

Tuanze na mwaka tuujuao. Mwaka 1876 Askofu Steere aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani, kutoka Unguja mpaka Masasi, wakajenga na kulima. Mwaka huohuo Wamarekani walipiga kura. Samuel Tilden alipata kura za raia nyingi kuliko Rutherford Hayes, lakini ukazuka ubishi, hata ikawekwa tume ya watu 15. Wanane wakawa upande wa Hayes, na saba wa Tilden. Rais Grant alikuwa amepeleka askari kuwakamata Ku Klux Klan, waliowapiga na kuwaua Weusi walioachwa huru. Hayes alipoingia mwaka 1877 aliwaondoa askari waliozilinda serikali za mwisho zilizosimama kwa kura za watu hao. Haki ya kura waliyopewa mwaka 1870 ikabaki katika maandiko, na majimbo ya Kusini yakaipunguza kidogo kidogo. Masasi nako, mwaka 1882, Magwangwara walivamia na kuchukua mateka watu waliokwisha kukombolewa mara moja.

Sasa tuje kwenye kazi. Desturi ya kule ilikuwa hii: chama kikishinda, makarani, mabwana posta na watu wa forodha walifukuzwa, na nafasi zao wakapewa wafuasi wa mshindi. Naye aliyepewa kazi alidaiwa sehemu ya mshahara wake iende kwa chama. Mtu mmoja, Charles Guiteau, alijiona kuwa amestahili ubalozi mdogo wa Paris kwa sababu ya hotuba aliyoandika. Alipokosa, alinunua bastola, akampiga Rais James Garfield tarehe 2 Julai 1881 katika stesheni ya reli ya Washington. Rais aliugua mpaka tarehe 19 Septemba, akafa. (Waganga walilichokoa jeraha kwa vidole visivyooshwa, na wengi wasema kuwa hivyo vilimdhuru kuliko risasi.)

Aliyeshika mahali pake ni Chester Arthur, aliyekuwa Mkuu wa Forodha ya New York, naye mwenyewe alikua katika desturi ileile ya kugawana kazi. Hayes alimwondoa mwaka 1878. Ni nani angetazamia jema kwake? Walakini tarehe 16 Januari 1883 alitia sahihi Sheria ya Pendleton: kazi zitolewe kwa mtihani, wala mtumishi asilazimishwe kuchangia chama. Kwanza iligusa kama kazi moja katika kumi. Marais waliofuata wakaziongeza.

Theodore Roosevelt alikuwa kamishna wa sheria hiyo tangu 1889 hadi 1895. Ndiye yule aliyeshuka Mombasa mwezi wa Aprili 1909, alipokwisha kutoka katika urais, pamoja na mwanawe Kermit, wakafuatana na wapagazi zaidi ya mia mbili. Bunduki za baba na mwana ziliua wanyama 512. Afrika ya Mashariki yamkumbuka kwa bunduki hizo. Sisi makarani twapenda kumkumbuka kwa mtihani.

Kwa maana karatasi ya mtihani haionyeshi uso wa mwandishi. Kwa njia hiyo vijana Weusi waliosoma walipata ukarani Washington, wakajenga nyumba na kusomesha watoto. Akaja Woodrow Wilson mwaka 1913, mtu mwenye elimu kuliko wote tuliowataja. Mawaziri wake wa Hazina na wa Posta wakawatenga makarani Weusi kwa viambaza, kwa vyumba vya kulia na hata kwa vyoo. Mwaka huo W. E. B. Du Bois alimwandikia barua ya wazi, akamweleza kuwa karani mmoja, ambaye kazi yake haikuwezekana kutengwa, alijengewa kizimba kumzunguka. Mwaka 1914 ikaamriwa kila mwombaji alete picha yake. Fahamuni ubaya wake: mkuu wa ofisi aliruhusiwa kuchagua mmoja katika watatu waliofaulu zaidi, na picha ikamwonyesha wa kumruka. Mwezi wa Novemba 1914 William Monroe Trotter alimwendea Wilson kulalamika. Wilson akajibu kuwa kutenganishwa kwawafaa Weusi, kisha akachukizwa na sauti ya mgeni wake. Picha ziliendelea kutakiwa hadi mwaka 1940.

Wilson huyohuyo alikuwa mmoja wa waliosimamisha Shirika la Mataifa, ambalo mwaka 1922 lilithibitisha Tanganyika iwe mikononi mwa Waingereza kwa amana. Mshahara ukapimwa kwa rangi: Mzungu wake, Mhindi wake, Mwafrika wake. Mwaka huohuo, huko Tanga, Martin Kayamba, karani aliyesoma Kiungani, alianzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali. Mwaka 1931 alikwenda London, akajibu maswali ya kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha Tanganyika, Kenya na Uganda.