Habari za Mzio na Jinsi ya Kujihadhari
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa Terrat)



Kiangazi kikifika hapa Terrat, upepo huleta vumbi hata mezani petu, na makarani wengi hupiga chafya, huwashwa macho na kubanwa kifua. Mwenzetu mmoja, mtunza majalada, alisumbuka hivyo miaka miwili. Wengine walimwita mvivu. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa. Kumbe ulikuwa mzio.

Mzio ni nini? Mwili una askari wake wa kupigana na maradhi. Kwa watu wengine askari hao hukosea, wakadhani kitu kisicho na dhara ni adui, nao hufanya vita bure. Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Vienna, ndiye aliyebuni mwaka 1906 jina la hali hiyo litumiwalo na madaktari wa Ulaya hata leo.

Vitu viamshavyo mzio ni vingi: vumbi la majalada ya kale na magodoro, ambamo huishi utitiri usioonekana kwa macho, ukungu wa kuta zenye unyevu wakati wa masika, chavua ya nyasi, vumbi la kahawa mbichi, maua ya pareto, yawashayo ngozi za baadhi ya wayachumao, vyakula kama karanga, mayai, maziwa na samaki, na dawa kama penisilini.

Basi, mwenye taabu hii na ashike daftari, kazi tuijuayo sote. Aandike siku, saa, mahali alipokuwa, alichokula na alichogusa, kisha ampelekee daktari. Mwenzetu alifanya hivyo, akaona kwamba Jumapili hupata nafuu na Jumatatu huugua. Rafu zikafutwa kwa kitambaa chenye maji badala ya kupanguswa kwa ufagio, majalada ya kale yakatiwa kabatini, naye akapata afueni.

Lakini mtu akiumwa na nyuki, au akila chakula, au akipewa dawa, kisha akavimba midomo na ulimi, akakosa pumzi au akaanguka, hiyo si saa ya daftari. Apelekwe hospitali mara moja, apate sindano ya adrenalini. Kukawia kwaweza kumwua.

Ndugu zetu, twakiomba chama kiwaandikie wakuu wetu ili ghala za majalada zisafishwe. Nasi tusimcheke tena mwenye kupiga chafya.