Pishi la Mchele na Nguzo za Kokoto

 

Wahitimu, niliombwa niwaambie muwe nguzo za jamii. Hilo mmeshaambiwa na kila aliyeshika kipaza sauti kabla yangu, kwa hiyo mimi nitasema juu ya nguzo za kokoto.

Nusu ya somo mama zenu wanaijua tangu sokoni. Muuza mchele asiyetikisa pishi anakupunja, maana punje zikitikiswa hushuka na kubanana. Mchanga uliolegea chini ya maji ya ardhini, tetemeko likiutikisa, nao hutaka kubanana. Ila nafasi kati ya chembe imejaa maji, na maji hayapati muda wa kutoka. Yanabeba mzigo uliokuwa wa chembe, chembe zinaachana, ardhi inakuwa uji. Niigata, Japani, mwaka 1964, majengo ya ghorofa yaliinama, moja likakaribia kulala chali, kuta zikiwa nzima! Huko Machaze, Msumbiji, Februari 2006, tetemeko la ukubwa wa 7.0 lilifokesha maji na mchanga.

Hapo ndipo nguzo za kokoto huingia. Mafundi huteremsha mtambo mrefu unaotetema hadi chini ya tabaka bovu, kisha huupandisha kidogo kidogo wakimimina kokoto na kuzishindilia. Mchanga wa pembeni unabanana kabla tetemeko halijafika, nguzo inaongeza ugumu, na maji yanapata njia ya kutokea. Mimi hupenda hiyo njia ya maji, ingawa nakiri kwamba kubanana ndiko kunakofanya kazi kubwa, na kwenye tope laini hata huko hupungua.

Mtaniuliza, hapa Minnesota kuna tetemeko gani? Machache, tena madogo. Lakini wazee husimulia kwamba mtaa huu wa Frogtown ulipata jina kutokana na vyura wa madimbwi yake, na udongo wa madimbwi hudidimia hata pasipo tetemeko. Nguzo hizi hupunguza hilo pia. Na wengine wenu mtakwenda California, au mtarudi Kagera, kwenye matetemeko.

Kazi yenu ya kwanza itakuwa kusimama kando ya mtambo na daftari, mkiandika kina na kiasi cha kokoto cha kila shimo. Jioni moja, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, nguzo ya arobaini itameza nusu tu ya kokoto za jirani yake. Msinakili namba ya jirani. Simamisheni mtambo mjue kwa nini. Mwenye mtambo atanuna; mwacheni anune.