Msaada wa Mtaji Jijini Dar es Salaam: Mlango Uko Wapi, na Nani Anapita



Nimeombwa nizungumzie katika semina hii namna mfanyabiashara mdogo wa jiji hili anavyoweza kupata ruzuku na misaada mingine ya kukuza biashara. Niwapunguzie matumaini mapema. Fedha za kupewa usirudishe, kwa muuza nguo wa Kariakoo au mama lishe wa Buguruni, ni adimu mno. Zipo za wabunifu, kama zinazopitia Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), lakini hizo ni za mwenye teknolojia mpya mkononi, si za mwenye genge. Kilicho wazi kwa wengi wetu ni mkopo usio na riba, zabuni zilizotengwa, na huduma ambazo gharama yake imebebwa na serikali. Vitu hivi vitatu vikitumiwa vizuri vinamfaa mtu kuliko milioni mbili za bure. Na anayevikosa, mara nyingi hakukosa wazo. Alikosa hesabu.

Nianze na mkopo wa halmashauri, maana ndio unaoulizwa kila kona. Zamani kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani lilikuwa agizo tu, na halmashauri iliyobanwa na bajeti ililiruka. Mwaka 2018 kikaongezwa kifungu cha 37A katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na kuanzia hapo ni lazima: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Riba hakuna. Fedha ikirejeshwa inakopeshwa kwa wengine.

Aprili 2023 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza bungeni kusitishwa kwa mikopo hiyo ili utaratibu utazamwe upya. Vikundi hewa vilikuwa vimejaa, na marejesho yalikuwa yamelala. Ilirudi mwaka 2024 kwa kanuni mpya, na halmashauri 10, Jiji la Dar es Salaam na la Dodoma zikiwamo, zikawekwa kwenye majaribio ya kukopesha kupitia benki. Kwa hiyo anayewaambia kwamba mambo ni yale yale ya mwaka 2020 anawapoteza. Mlango wa kwanza, hata hivyo, haujahama: ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Hapo ndipo usajili wa kikundi unapoanzia, katiba inapokaguliwa na biashara inapotembelewa. Fomu haiuzwi. Ukiona mtu amekaa nje ya ofisi ya kata anakuomba "ya kalamu", huyo ni kishoka, na jina lako halitafika popote kwa sababu yake.

Sasa hesabu, ambayo ndiyo iliyonileta. Tuchukue mfano wa mama lishe anayeuza sahani 50 kwa siku, kila moja Sh2,000. Jioni ana Sh100,000 mkononi. Sokoni alitumia Sh66,000. Ukimuuliza faida, atakujibu bila kusita: elfu thelathini na nne. Hajataja mkaa wa Sh7,000, binti anayemsaidia Sh8,000, wala nauli Sh3,000. Faida yake ni Sh16,000, na hapo hatujagusa zile sahani zinazokwenda nyumbani kwa watoto, ambazo hakuna anayezihesabu. Kwa siku 26 za kazi anadhani anaingiza Sh884,000, kumbe ni Sh416,000. Mpe mkopo wenye rejesho la Sh300,000 kwa mwezi. Kwa hesabu ya kwanza anapumua. Kwa hesabu ya pili anabaki na Sh116,000 za kula, kodi na ada, na mwezi wa tatu simu yake haipatikani. Huyu mama si tapeli. Alikopa kwa namba ambayo haikuwahi kuwapo.

Ndiyo maana kabla ya andiko la mradi, namtaka mtu aniletee daftari la miezi mitatu lenye manunuzi, mauzo na matumizi, hata likiwa na madoa ya mafuta. Andiko lililopigwa chapa steshenari, lenye maneno makubwa ya kunakili, afisa mzoefu anaweza kulitambua kwenye ukurasa wa kwanza. Vivyo hivyo na kikundi kilichoundwa wiki mbili kabla ya kuomba: watu watano wasiojuana wanagawana fedha siku ile ile, na kikundi kimekwisha. Vikundi ninavyoviona vikidumu vilianza kama vikoba au mchezo wa kupeana fedha, wanachama wakakopeshana na kulipana kabla ya kuijua halmashauri.

Zabuni nitazigusa kwa ufupi. Sheria ya ununuzi wa umma inatenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, na maombi yanapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Kikundi cha kushona sare au kufanya usafi kina nafasi hapo, ila kijiulize kama kitaweza kusubiri malipo. Serikali hailipi papo kwa papo.

Huduma ndizo zinazosahaulika kabisa. SIDO, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, ipo tangu 1973, na kazi yake si mikopo tu. Mtengenezaji mdogo wa sabuni, asali au unga wa lishe akipata barua yao ya utambulisho, huanza safari ya alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) bila kulipia gharama ambazo kiwanda kikubwa hulipa. Bidhaa yenye alama hiyo inaingia supamaketi, isiyo nayo inabaki mezani barabarani. Sijui kwa nini tunaita ruzuku fedha taslimu peke yake.

Lipo pengo ambalo semina hii haiwezi kulifumbia macho. Mwanamume aliyevuka umri wa ujana na asiye na ulemavu hamo kwenye zile asilimia 10. Aende SIDO kwenye mfuko wao wa wajasiriamali, aende chama cha akiba na mikopo (SACCOS), lakini huko kuna riba.

Ombi langu la mwisho ni kwa waheshimiwa madiwani. Kila robo mwaka, kwenye ubao wa matangazo wa kila serikali ya mtaa, libandikwe jina la kikundi kilichokopeshwa, kiasi, na kiasi kilichorejeshwa. Majirani wanajua kipi ni kikundi hewa. Wapeni tu cha kusoma.