Maji Meupe, Swali Jeusi

Msikilizaji, wapagazi wa misafara ya zamani ya Unyanyembe, hapa Tabora, walipima kisima kwa jicho na ulimi. Lakini sumu ya aseniki haipimwi hivyo. Haina rangi, harufu wala ladha. Na ukichemsha maji, mvuke unaondoka, sumu inabaki.

Hapa mkoani Tabora, hatari hii ina mzizi ardhini. Dhahabu ya Nzega, ulikokuwa mgodi wa Golden Pride, imelala pamoja na madini yenye aseniki. Mwamba ukipondwa na kuachwa mvuani, sumu yaweza kuteremka udongoni na visimani. Sisemi kila kisima kina sumu. Nasema kila kisima kipimwe.

Kipimo cha awali ni chepesi: maji kwenye kichupa, unga wa kemikali, karatasi mdomoni mwa kichupa. Ikigeuka manjano au kahawia, sampuli iende maabara. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita.

Bomba la Ziwa Victoria limefika Tabora, lakini si kila kijiji kinapata maji yake, kwa hiyo visima bado vinahitajika. Bangladesh walichimba visima kwanza, wakapima baadaye, na saratani ikawafuata. Sisi tutangulize kipimo. Tahadhari kabla ya hatari.