Jibu Swali Uliloulizwa

Mazungumzo na wanafunzi wa Kidato cha Tano na cha Sita, Siku ya Wanafunzi wa Zamani



Kamati imeniomba nizungumze juu ya namna ya kusoma Historia kwa ajili ya mtihani wa Kidato cha Sita. Nadhani nimechaguliwa kwa kuwa nina shahada ya somo hilo na ni mtumishi wa serikali. Lakini kuna jambo ambalo kamati haikulijua, nami nalisema leo kwa mara ya kwanza katika bwalo hili. Mtihani huo wa Historia niliufanya mara mbili. Mara ya kwanza nilipata S.

Haikuwa kwa uvivu. Wenzangu wa bweni waliopo hapa ni mashahidi. Nilipiga msuli mpaka chemli ikaisha mafuta. Nilikariri madaftari manne, na Vita vya Majimaji nilivijua kama njia ya kwetu. Swali la Majimaji lilipotokea nilifurahi, nikaandika kurasa sita bila kuinua kichwa. Kumbe swali liliuliza kwa nini wapiganaji walishindwa. Mimi nilieleza jinsi vita vilivyotokea. Maswali mengine niliyajibu vivyo hivyo.

Marehemu baba yangu aliuza ng'ombe ili nilipiwe ada. Matokeo yalipotoka aliniuliza, "Mwanangu, hukusoma?" Nikamjibu, "Nilisoma, baba." Akasema, "Sasa ulikuwa unasoma nini?" Sikuwa na jibu. Mwaka uliofuata nilirudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, na niliyojifunza mwaka ule ndiyo nitakayowaambia leo.

Jambo la kwanza: msisome Historia kama hadithi. Isomeni kama majibu ya maswali. Tuchukue hiyohiyo Majimaji. Ilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa, alinyongwa Mohoro Agosti 1905. Mwishoni mwa mwezi huo wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge, wakapigwa kwa bunduki za rashasha. Wangoni nao waliingia vitani, na mwaka 1906 viongozi wao wengi walinyongwa Songea. Wajerumani walichoma mazao na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Wajerumani walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wengine wamefika hadi 250,000 na zaidi.

Hayo ndiyo niliyoyaandika, na yote ni kweli. Lakini sikilizeni yanavyobadilika kufuatana na swali. Ukiulizwa sababu za vita, pamba ya Umatumbi ndiyo inayotangulia, pamoja na kodi, kazi za kulazimishwa na ukatili wa maakida. Habari ya rashasha haina nafasi hapo. Ukiulizwa kwa nini walishindwa, pamba ikae pembeni. Sasa unahitaji rashasha za Mahenge, unahitaji njaa, na unahitaji kueleza kwamba si makabila yote yaliyojiunga. Wahehe, kwa mfano, walikuwa wamekwisha kupigana na Wajerumani tangu 1891 hadi Mkwawa alipokufa 1898, wakachoka. Ukiulizwa matokeo, taja vifo na ardhi iliyobaki pori, kisha mabadiliko ya utawala chini ya Gavana Rechenberg, aliyeshika madaraka 1906, na ziara ya Dernburg, waziri wa makoloni, mwaka 1907. Tukio ni lilelile, lakini insha ni tatu, na aliyekariri moja amepotea katika mbili.

Kwa hiyo kila mada ifanyieni hivi. Chukua karatasi moja tu, igawe sehemu tatu: sababu, mwendo, matokeo. Katika sababu, tenganisha zile zilizojikusanya miaka mingi na ile cheche iliyowasha moto. Mada isiyotosha katika karatasi moja bado hujaielewa, rudi kitabuni.

La pili ni tarehe. Msikariri mia. Chagueni chache ziwe vigingi, na mengine yafungeni hapo: 1884 na 1885, Mkutano wa Berlin, 1914 hadi 1918, Vita Kuu ya Kwanza, 1929, mdororo wa uchumi wa dunia, 1939 hadi 1945, Vita Kuu ya Pili, 1961, Uhuru wa Tanganyika. Mtu anayejua kwamba Majimaji ilitokea miaka ishirini baada ya Berlin hawezi kupotea sana.

La tatu ni lugha, na hili liliniumiza kuliko yote. Tunafundishwa Historia kwa Kiingereza na tunajibu kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nakariri sentensi ambazo sikuzielewa sawasawa; nikisahau neno moja, aya nzima inaanguka. Mwaka wa kurudia nilianza kuwaeleza wadogo zangu mada kwa Kiswahili, jioni, tukipukuchua mahindi. Wakiuliza "kwa nini?" nikakwama, nilijua pale sijaelewa. Nikishaelewa ndipo nilipoandika kwa Kiingereza, kwa sentensi fupi za kwangu mwenyewe. Fanyeni hivyo katika vikundi vyenu. Bishaneni kwa Kiswahili, kisha kila mmoja aandike.

La nne: kusoma tena na tena si kujipima. Funga daftari, chukua swali la mitihani iliyopita, weka saa mezani, andika. Kabla ya kuandika, soma swali mara tatu na upige mstari chini ya neno linaloamuru. Kueleza si kulinganisha, na kulinganisha si kupima uzito wa hoja. Kisha andika jibu lako lote kwa sentensi moja. Ukishindwa kuipata sentensi hiyo, usianze insha. Na kila aya uimalizapo, jiulize: je, hii inajibu swali?

La mwisho ni dogo: usiku wa kuamkia mtihani, laleni. Wa kwanza mimi nilikesha. Wa pili nililala saa tatu.

Ndugu zangu, msidhani mambo haya huishia katika chumba cha mtihani. Nilipoanza kazi nilipewa jalada la mgogoro wa mpaka wa vijiji viwili, nikaambiwa nieleze chanzo chake. Niliandika kurasa nane. Mkuu wangu akazirudisha na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Sikuomba historia ya wilaya. Nani alianza kulima upande wa pili wa mto, na kwa nini?" Nilicheka peke yangu, kisha nikaona aibu, kwa kuwa wananchi wale walikuwa wanasubiri kujua watalima wapi msimu ule.

Baba aliyaona matokeo ya mara ya pili. Hakusema mengi, aliniuliza tu, "Safari hii ulisoma nini?" Nikamwambia, "Nilisoma swali, baba."

Vijana, someni swali.